Kwa mnaoanza kuwasoma wafiadini wa Uajemi

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, mkifika kwa wafiadini wa Uajemi msianzie kwenye mateso. Anzieni kwenye kodi.

Mimi nilianza na mapanga, nikaandika kurasa nyingi za damu, na mwalimu akaniuliza swali moja tu: mfalme alikuwa anataka nini? Sikuwa na jibu. Mfalme huyo, Shapur II wa Uajemi, alitawala toka mwaka 309 hadi 379, na miaka yake ya mwanzo Wakristo hawakuuawa kwa wingi. Ila adui yake mkubwa, Dola ya Kirumi, alipata mtawala Mkristo, Constantine, na tangu hapo Mkristo wa Uajemi akashukiwa kuwa moyo wake uko Rumi. Vita vikaanza, hazina ikataka fedha. Simeon bar Sabbae, askofu wa Seleucia-Ctesiphon, mji mkuu wa Uajemi, akaamriwa awatoze waumini wake kodi maradufu. Akakataa, kwa kuwa watu wake walikuwa maskini na yeye ni mchungaji, si mtoza ushuru. Mfalme akauita uasi.

Mkilishika hilo ndipo mtamwelewa Gushtazad, ambaye hata leo siwezi kumsoma harakaharaka. Alikuwa towashi mzee aliyemlea Shapur tangu utotoni. Alikuwa Mkristo, lakini aliposhurutishwa aliliabudu jua. Simeon alipopitishwa akiwa amefungwa, mzee akainuka kumwamkia. Askofu akageuza uso. Mzee akavua mavazi yake ya fahari, akavaa nguo nyeusi, akaketi mbele ya ikulu akilia. Alipohukumiwa kifo aliomba jambo moja: mpiga mbiu atangaze kwamba hafi kwa kumsaliti mfalme, bali kwa kuwa ni Mkristo. Shapur akakubali, akidhani Wakristo wengine wataogopa. Kumbe mzee alitaka wale walioona akianguka wasikie pia kwamba amesimama. Simeon mwenyewe aliuawa Ijumaa Kuu, pamoja na wenzake wapatao mia.

Angalieni majina. Gushtazad wa maandiko ya Kisiriaki, lugha ya Wakristo wa mashariki, ndiye Usthazanes wa Sozomen, mwanahistoria wa Kanisa aliyeandika kwa Kigiriki. Mimi niliwahi kuwahesabu kuwa watu wawili. Kuhusu kifo cha Simeon, wataalamu wengine husema mwaka 341, wengine 344. Tajeni yote miwili. Na ile idadi ya wafiadini 16,000 anayoitoa Sozomen msiifanye jumla ya waliouawa, maana yeye anasema ni wale ambao majina yao yalijulikana.

Msomeni pia Aphrahat, mwandishi Mkristo wa Kisiriaki. Mwaka 344 alikuwa humo humo katika himaya ya Shapur, akiandika juu ya dhuluma wakati inaendelea, akiwakumbusha wenzake Yosefu, Musa na Daudi. Hadithi za wafiadini zilipambwa baadaye. Huyu aliandika moto ukiwaka.

Mwisho, itafuteni orodha ya wafiadini hawa iliyomo kwenye hati ya Kisiriaki iliyonakiliwa Edessa mwaka 411, ambayo sasa iko London. Hakuna miujiza wala hotuba mbele ya mfalme. Ni majina: maaskofu, kisha mapadre, kisha mashemasi. Yasomeni kwa sauti, taratibu, jina moja moja, kabla hamjaandika hata sentensi ya kwanza ya insha yenu.