Barua kwa Rehema: umeneja wa mji au udiwani

Rehema mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia, nikaona jibu la kwenye simu halitatosha. Unauliza, ukimaliza shahada ya uzamili ya utawala wa umma, uchukue ile kazi ya msaidizi wa meneja wa mji kule Kansas, au ubaki ulipo ugombee udiwani kama wenzako wanavyokushawishi? Na ndani yake kuna swali la pili, ambalo nadhani ndilo linalokunyima usingizi: kwa nini mtu asome hivyo, halafu akubali kazi ambayo madiwani wanne kati ya saba wanaweza kumtoa kwa kikao kimoja?

Ichukue. Hilo ndilo jibu langu. Ila nataka uichukue ukiijua, kwa maana mimi nimeitazama kwa karibu, kutoka ofisi ya katibu wa mji wetu huu mdogo wa Texas, nikiandika kumbukumbu za vikao huku mameneja wakija na kuondoka.

Mjomba wako wa Tanga akikuuliza ni kazi gani, mwambie inakaribiana na ukurugenzi wa halmashauri. Meneja ndiye mtendaji mkuu. Anaandaa bajeti, anaajiri wakuu wa idara, barabara na maji taka na zimamoto ni juu yake. Tofauti ni kwamba kule mkurugenzi huteuliwa na Rais, na huku Rais hahusiki wala gavana hahusiki. Madiwani waliochaguliwa na wakazi hutangaza nafasi, huwahoji waombaji hata wa majimbo ya mbali, humwajiri mmoja kwa kura zao, na kwa kura hizohizo humwachisha. Meya wa mji wa namna hii huongoza vikao na kuuwakilisha mji. Hampi amri mkuu wa polisi wala fundi bomba. Wala usidhani ni utaratibu wa vijiji tu. Phoenix, San Antonio na Dallas zinaendeshwa hivyohivyo.

Wa kwanza alikuwa mgeni kama sisi. Mwaka 1908 mji wa Staunton, Virginia, ulimwajiri mhandisi Charles Ashburner, mzaliwa wa Bombay, awe meneja mkuu wake. Miaka michache baadaye, Machi 1913, mafuriko yaliizamisha Dayton, Ohio, na wakazi waliokwisha kuchoshwa na siasa za vyama wakapitisha katiba mpya ya mji. Januari 1914 Dayton ikawa mji mkubwa wa kwanza kuendeshwa na meneja, Henry Waite, naye pia mhandisi. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee wetu, na watu wa Dayton walitumaini hivyo hasa: aje mtu asiye na binamu wa kumpa zabuni.

Lakini usiuamini utaratibu kuliko watu. Hili nataka ulikumbuke zaidi ya tarehe. Kansas City, Missouri, ilipitisha katiba yenye meneja mwaka 1925, ikiamini enzi ya mabosi wa siasa imekwisha. Tom Pendergast, bosi wa chama cha Democratic pale, hakupambana na katiba hiyo. Alihakikisha watu wake wanakuwa wengi barazani, nao wakamchagua Henry McElroy, mtu wake, awe meneja. Kwa zaidi ya miaka kumi ofisi iliyoundwa kuondoa upendeleo ndiyo iliyougawa. Pendergast alifungwa mwaka 1939 kwa kukwepa kodi, McElroy akajiuzulu, na mahesabu yalipofunguliwa yalikuwa yameficha upungufu wa mamilioni ya dola. Aliyekuja kusafisha ni L. P. Cookingham, mwaka 1940, akakaa mpaka 1959. Cheo kilikuwa kilekile, na katiba ileile. Huyu Cookingham ndiye aliyejenga desturi ya kuwachukua vijana waliotoka chuoni na kuwafundisha kazi ofisini mwake; nafasi uliyopewa wewe inatokana na desturi hiyo.

Na karibu na zama zetu kuna Bell, California, mji wa watu wa kipato cha chini karibu na Los Angeles. Mwaka 2010 waandishi wa habari waligundua meneja wake, Robert Rizzo, alikuwa analipwa mshahara unaokaribia dola 800,000 kwa mwaka, na madiwani waliopaswa kumzuia walikuwa wanajilipa vinono wao wenyewe. Alihukumiwa kifungo cha miaka 12. Soma kesi ile yote, usiishie kwenye vichwa vya habari.

Sasa udiwani. Katika miji midogo ni kazi ya jioni, yenye posho ndogo au isiyo na malipo kabisa, na ni kazi ya heshima. Nawaheshimu madiwani wetu hata wale wanaonikatisha nikisoma ajenda. Diwani anasema mji uelekee wapi. Meneja anaufikisha, hata kama yeye angechagua njia nyingine. Tangu shuleni wewe umependa kampeni, mabango, kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Ukiingia umeneja, hayo unayaacha. Chama cha mameneja, ICMA, kilichoanzishwa mwaka 1914, kina kanuni za maadili tangu 1924, nazo zinataka mwanachama asimpigie debe mgombea wala asichangie kampeni. Kura yako utapiga, basi. Ukiona hilo ni gumu mno kwako, gombea udiwani, nami nitakuja kukusaidia kugawa vipeperushi.

Nikupe nililoliona. Majira ya joto hapa Texas ni msimu wa bajeti, kwa sababu mwaka wa fedha wa mji unaanza Oktoba 1. Msimu mmoja meneja wetu aliliambia baraza, hadharani, kwamba bei ya maji lazima ipande kwa kuwa mabomba yamechakaa na yanapasuka. Uchaguzi ulikuwa hauko mbali. Walimkatalia. Kesho yake asubuhi nilimkuta akipanga zamu za mafundi kwa fedha zilezile alizopewa, na sikumsikia akimsema diwani hata mmoja. Baadaye baraza jipya lilipitisha ombi hilohilo, yeye akiwa ameshaondolewa. Mimi namhesabu miongoni mwa waliofanya kazi yao vizuri kuliko wote niliowaona, na nilimwambia hivyo alipokuwa akifunga maboksi yake.

Ndiyo maana swali lako la kufukuzwa sitalipunguza uzito. Kuondolewa kupo. Kinachomfanya mtu aweze kusema ukweli mbele ya wanaoweza kumwondoa ni akiba benki, na mkataba wenye kipengele cha malipo ya miezi kadhaa akiachishwa bila kosa.

Kwa nini basi nasema uichukue? Kumbuka Juni 2019, mamia ya ndugu zetu kutoka Congo na wengine wa Angola walipovuka mpaka, wakafika San Antonio, kisha wakapanda mabasi mpaka Portland, Maine. Miji yote miwili ina mameneja. Madiwani waliweza kupiga kura za kukaribisha au kukataa, lakini siku ile ilihitajika mtu wa kuufungua ukumbi wa michezo wa Expo kule Portland, kupanga vitanda, kutafuta wakalimani, kupata chakula cha jioni, na kujua fedha zitatoka fungu gani bila kuvunja sheria. Mtu huyo si mwanasiasa. Nilipoona picha za wale mama na watoto nilitamani awepo ofisini mtu anayejua kusema karibuni kwa Kiswahili.

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Ashburner huyohuyo baada ya Staunton alikwenda Springfield, Ohio, akahamia Norfolk, kisha Stockton, California. Kazi hii inahama, na ICMA inamtaka meneja akae mji mmoja angalau miaka miwili ili kazi yake ionekane. Kijana uliyenitajia, mweleze mapema, kabla wazazi wake hawajaleta posa.

Msaidizi huajiriwa na meneja, si na baraza, kwa hiyo muulize yeye kabla ya kusaini: utakaa vikaoni au utaachwa kujibu simu? Utapewa idara moja uijengee bajeti kuanzia mwanzo? Akiondolewa yeye, nafasi yako inabaki? Akikujibu, nipigie siku yoyote isiyo ya kikao, na huo mkataba nitumie niusome.

Mama yako