Anza na cheche na maji, rangi itasubiri

Pole dada, na hongera pia. Umeniandikia kwamba umehamia nyumba yako Mabatini, kule vilimani Mwanza, paa linavuja, plasta inabanduka, soketi ya jikoni inatoa cheche, na usiku hulali ukihesabu kazi zilizobaki. Nani asingechoka?

Soketi kwanza. Zima breka yake leo hii, isiguswe mpaka fundi umeme mwenye leseni aje. Hilo halina mjadala.

Kisha maji, kabla vuli haijashika. Kwenye miteremko ile ya mawe ardhi hainywi kitu, yote yanakuteremkia wewe. Mvua ikinyesha, toka na mwamvuli uangalie yanapogonga ukuta. Hapo ndipo pa kuchimba mfereji. Paa nalo, mara nyingi bati ni zima, tatizo ni misumari iliyolegea na raba zake zilizooza. Fundi apande akague kwanza kabla hajakuuzia bati jipya (atajaribu tu).

Plasta usiiguse ukuta ukiwa na unyevu, utalipa mara mbili.

Chagua chumba kimoja kikavu, kidekiwe, tundika neti, mlale humo wote. Vingine vifunge. Na huyo shemeji unayesema anapita kila jioni kukosoa, mpe chepeo aanze mfereji.