Anayetaka kuhesabu wanaolala nje Tanga: mgambo waache nyumbani

Mkuu, simama hapohapo. Nilikuwa nasoma ujumbe wako wa kuomba ushauri, jinsi mtakavyohesabu wanaolala nje hapa Tanga. Nimefika uliposema mtaingia sokoni saa nane usiku "na mgambo wawili kwa ajili ya usalama", damu ikanichemka. Usalama wa nani?

Sisi tulikwenda hivyohivyo, tochi mkononi, mgambo mbele. Pale soko la Mgandini vijana walipoona mwanga tu, wakapotelea vichochoroni mwa mitaa ya Ngamiani kabla hatujafungua dodoso. Utawalaumu? Anayewakimbiza mchana na meza zao za karanga ndiye unarudi naye usiku, eti "msiogope, ni takwimu tu". Waliobaki walikuwa mlinzi wa duka na abiria wanaosubiri basi la alfajiri. Tukawaandika hao.

Deep Sea, kule boti za uvuvi zinakotia nanga, ndiyo usiseme. Ilikuwa mbalamwezi, boti za dagaa hazitoki, wavuvi wa dago, wale wanaotoka kwao kuja kupiga kambi ya uvuvi, wamejilalia ufukweni chini ya maturubai. Sisi tiki, tiki, tiki, tena kwa furaha! Ripoti ikawaita wasio na makazi. Mmoja alipopata habari alikuja kuuliza nyumba yake ya Pangani imebomolewa lini. Nilicheka, ningefanyaje?

Na yule mtaalamu wetu, Mungu amsamehe maana mimi bado, alitwambia hata Marekani huhesabu usiku mmoja mwishoni mwa Januari. Kweli. Ila Januari ya kule ni baridi, wengi huingia kwenye mabweni ya hifadhi, kuwahesabu ni rahisi. Januari ya Tanga hata mwenye nyumba hutoa mkeka barazani.

Kwa hiyo shika hili: anayelala pale ndiye akuongoze. Mtafute mapema kupitia mama wa uji, mlipe kama karani mwingine, yeye atangulie kusalimia. Na aliyelala usimwandike kwa macho. Muulize kama ana kwingine pa kulala. Asiyeonekana, mvizie siku zinazofuata kwenye uji umuulize usiku ule alilala wapi. Sensa ya 2022 nayo ilishika usiku mmoja, wa kuamkia Agosti 23, lakini makarani waliendelea kupita siku za baadaye wakiuliza usiku uleule. Na uulize kwa upole, wewe si polisi.

Uliuliza pia programu ya simu na nini tena... bajeti? Karatasi zinatosha. Mwenyekiti wa mtaa mwarifu mapema, na akikuahidi mgambo, mshukuru halafu mpe tarehe ya uongo.