Kuchuja na kunakili orodha ya wageni kwa makro: anza hivi

Mkuu, umeuliza uanzie wapi na makro za Excel, yaani maagizo yanayoifanya Excel irudie kazi yenyewe. Una orodha moja ndefu ya wageni wa mlima Kilimanjaro, na kila jioni unachuja kwa mkono walio njia ya Machame, unanakili, unabandika kwenye shiti ya mpishi, halafu unarudia yote kwa Marangu na Lemosho. Mimi natunza orodha ya aina hiyo kwenye ofisi moja ya safari hapa Moshi, kwa hiyo nakujibu kwa ninavyofanya kila siku.

Kozi ya VBA, lugha ya kuandikia makro, iache kwanza. Nenda menyu ya View, bonyeza Macros kisha Record Macro, ipe jina lisilo na nafasi, fanya kazi yako mara moja kama ulivyozoea, halafu Stop Recording. Ukibonyeza Alt+F11 utakuta kila ulichofanya kimeandikwa. Hapo ndipo utajifunzia, maana unasoma kazi yako mwenyewe.

Ila kinasa (hiyo Record Macro) huandika ulichogusa tu, hakijui ulichokusudia. Orodha ikiishia leo mstari wa 312, kitaandika A1:H312. Kesho ukiongeza kundi la Wajerumani mstari wa 313, makro italiacha nje na haitalalamika hata kidogo. Utajua siku kundi limefika geti la Machame, lunch box hazitoshi na wagumu (wapagazi) ni pungufu. Kwa hiyo ukishanasa, futa vya kinasa ubaki na kifupi hiki:

Sub NjiaYaLeo()
Dim eneo As Range
Sheets("Wageni").AutoFilterMode = False
Sheets("Jikoni").Range("A:H").Clear
Set eneo = Sheets("Wageni").Range("A1").CurrentRegion
eneo.AutoFilter Field:=5, Criteria1:=Sheets("Jikoni").Range("J1").Value
eneo.AutoFilter Field:=3, Criteria1:=">=" & CLng(Date)
eneo.SpecialCells(xlCellTypeVisible).Copy Sheets("Jikoni").Range("A1")
Sheets("Wageni").AutoFilterMode = False
End Sub

CurrentRegion ndiyo dawa ya ile 312: inachukua data yote iliyoshikana kuanzia A1, iwe mistari 50 au 5,000. Masharti yake ni kwamba usiache mstari mtupu katikati. Najua wengi wetu tunapenda kuruka mstari kati ya mwezi na mwezi ili ipendeze. Hapo itasoma mwezi wa kwanza na kuishia hapo. Field:=5 ni safu ya tano, kwangu ndiyo njia; ya tatu ni tarehe ya kuanza kupanda. Badilisha kulingana na zako.

J1 ya shiti ya Jikoni (ndiyo ya mpishi; orodha kuu iko shiti ya Wageni) unaandika jina la njia, kwa hiyo makro moja inatosha njia zote. Lakini kama mmoja anaandika Lemosho na mwingine Lemosha, hao wa pili hawatatokea. Weka Data Validation kwenye safu ya njia, watu wachague badala ya kuandika.

Tarehe ndiyo inayowatesa wengi wa huku. Ukiandika kwenye makro kigezo cha ">=4/7/2025" ukimaanisha tarehe 4 Julai, VBA inaisoma Kimarekani, mwezi kwanza, na unaletewa kuanzia 7 Aprili. Excel yenyewe huhifadhi tarehe kama namba ya siku, ndiyo maana nimetumia CLng, inayogeuza tarehe ya leo kuwa namba: namba haina Kimarekani wala Kiswahili. Na hakikisha tarehe zako ni tarehe kweli. Zikijipanga upande wa kushoto wa seli bila wewe kuzipanga hivyo, ujue ni maandishi, na mchujo huu utaziruka.

Mengine ya haraka. Faili lihifadhi kama .xlsm, ukilihifadhi kama .xlsx makro inapotea. Makro ikishapita, Ctrl+Z hairudishi kitu, kwa hiyo jaribu kwenye nakala kwanza. Na ukimtumia mwenzako wa Arusha kwa barua pepe, Excel yake huenda ikaizuia. Afunge faili, abonyeze kulia, Properties, aweke tiki kwenye Unblock. Afanye hivyo kwa faili la mtu anayemjua tu, maana makro ni njia kongwe ya kuingiza virusi.

Halafu nikuulize: mna Excel gani? Kama ni 2021 au 365, fomula ya FILTER inaleta orodha hiyo yenyewe bila makro yoyote, na kwa kazi ya kutazama tu mimi ningeichagua hiyo. Makro naiachia pale ninapotaka nakala isiyobadilika ya kumpa mpishi mkononi.

Ukikwama, bandika hapa vichwa vya safu zako na mistari miwili ya majina ya kubuni. Namba za pasipoti za wageni usiziweke.