Land Rover ya familia: chasisi kwanza, rangi mwisho

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaofufua nyumbani Land Rover Series III, gari lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, hasa ile ndefu ya inchi 109 (umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) iliyobeba familia nzima na mizigo yake. Tumechagua tano.

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimerithi Land Rover 109 ya marehemu baba, ya 1976. Imekaa nje miaka mingi. Bodi ni ya alumini na haina kutu, kwa hiyo nataka kuanza na rangi na viti. Kaka zangu wanasema chasisi nayo ni nzima kwa sababu haijatoboka. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Anzia chini, tena na nyundo mkononi. Bodi ya alumini inaweza kupendeza macho huku chuma kinachoibeba kimeshaliwa. Chasisi ya gari hili ni boksi la bati la chuma lenye unene wa milimita 2 hivi, na ndani ni wazi. Tope na maji huingia kwenye matundu yake, hukaa humo, na kutu hula kuanzia ndani. Siku utakayoona tundu kwa nje, upande wa ndani umekwisha kitambo. Ndiyo maana hoja ya kaka zako haitoshi.

Osha chasisi yote, iache ikauke, kisha gonga kwa nyundo ndogo kila baada ya sentimita 5. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu na hubonyea. Kaza macho kwenye boriti ya nyuma kabisa, mikono ya pembeni inayoshika bodi, vishikio vya springi, na sehemu ya chasisi inayopita juu ya ekseli ya nyuma. Usisahau ukuta kati ya injini na abiria. Wengi hudhani ni wa alumini kama milango, kumbe ni wa chuma, na huoza kwenye sakafu ya miguu na chini ya nguzo za milango.

Palipooza, kata mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa, hata kama kiraka kitakuwa kikubwa mara tatu ya ulivyotarajia. Kiraka cha chasisi kiwe cha milimita 2, na pembe zake zizungushwe, kwa kuwa pembe kali ndiko ufa unakoanzia. Sakafu ya miguu inatosha bati la milimita 1.2. Usichomelee kiraka juu ya kiraka: katikati patakuwa mfuko wa maji. Kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, fungua nyaya za betri na toa tanki la petroli kabisa, ulipeleke mbali. Tanki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke ndio unaolipuka.

Mikono ya pembeni ibadilishe mmoja mmoja, gari likiwa juu ya stendi imara mahali pa sakafu sawa. Ukikata miwili kwa pamoja, ukuta wa mbele unahama, na utakuja kugundua siku milango inapokataa kufunga. Pima kwa futi ya utepe kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo viwili vilingane kabla na baada ya kuchomelea. Kipande chenye namba ya chasisi usikikate wala kukisaga.

Nta ya kuzuia kutu hunyunyizwa ndani ya boksi baada ya uchomeleaji wote kwisha. Ukiitia mapema itashika moto.

SWALI: Salaam mafundi. Nimevua mabati ya alumini, na kila palipogusa chuma nakuta unga mweupe na vitundu. Hii ni kutu gani?

JIBU: Ni alumini inayoliwa. Alumini na chuma zikigusana penye unyevu, hasa wa chumvi, hufanya kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayojitoa mhanga. Suala ni kuzitenganisha. Safisha unga wote, paka praima (rangi ya chini inayotangulia) kwenye chuma na kwenye alumini pia, kisha weka utepe wa plastiki au mpira mwembamba kati yake kabla ya kufunga bolti.

Wengi hukimbilia bolti za chuma kisichoshika kutu wakidhani wamemaliza kazi. Bolti itabaki ikimeta, lakini bati linaloizunguka litaendelea kuliwa. Ukizitumia, zivalishe washa za plastiki na uzipake grisi. Brashi ya waya au msasa uliotumika kwenye chuma usiuguse kwenye alumini, kwa sababu chembe za chuma hubaki ndani yake na baadaye hutokea chini ya rangi kama vipele. Wala usisage alumini kwa jiwe la grainda la chuma: jiwe huziba, hupata moto na huweza kupasuka.

Alumini tupu haishiki rangi ya kawaida. Inahitaji praima yenye asidi, ile inayong'ata bati, ipakwe nyembamba saa chache baada ya kusugua. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, hivyo isugue ikiwa imelowa, na vaa barakoa.

SWALI: Injini ya petroli ya lita 2.25 haijawashwa kwa zaidi ya miaka kumi. Nimenunua betri mpya. Kuna ubaya nikipiga stata moja kwa moja?

JIBU: Upo. Ringi za pistoni huenda zimegandamana na kuta za silinda, na stata ina nguvu ya kutosha kuzivunja. Fungua plagi zote nne, mimina mililita 10 hivi za oili nyepesi katika kila tundu, na uache angalau siku mbili. Kisha ingiza hendeli, ile fimbo ya kuzungushia injini, mbele na uzungushe taratibu kwa mkono. Ikigoma, usirefushe hendeli kwa bomba. Ongeza oili na subiri tena.

Ikizunguka bila kukwama, mwaga oili ya zamani, badilisha filta, na weka oili ya 20W-50, jumla lita 7 hivi. Plagi zikiwa bado nje, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Hapo oili imefika kwenye beringi bila injini kubeba mzigo. Petroli iliyolala tankini imegeuka gundi: usiipeleke kwenye kabureta. Safisha tanki, badilisha mipira ya mafuta, fungua kabureta na uzibue njia zake ndogo.

Halafu pima nafasi za valvu, yaani uwazi mdogo kati ya valvu na mkono unaoibonyeza, kabla ya kuiwasha injini. Zote nane ni milimita 0.25. Zihesabu kuanzia mbele, na ukumbuke namba 9. Valvu namba 8 ikiwa imebonyea kabisa, rekebisha namba 1. Namba 6 ikibonyea, rekebisha namba 3. Na kadhalika, jumla ikiwa 9 kila mara. Pointi za disitributa, zinazokata umeme wa cheche, ziachane milimita 0.35 hadi 0.40, na mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2.

Andika vipimo hivyo daftarini, uvirudie baada ya kilomita 1,000. Injini hii iliundwa enzi za petroli yenye risasi, ambayo ililinda viti vya valvu za ekzosi. Ukikuta nafasi za valvu hizo zinapungua mara kwa mara, viti vinazama, na silinda hedi inahitaji kwenda karakana kuwekewa viti vigumu.

SWALI: Oili inavuja kwenye tufe la chuma nyuma ya tairi la mbele. Nimebadilisha sili mara mbili, bado inavuja.

JIBU: Sili haina kosa. Pitisha ukucha juu ya tufe: ukihisi vishimo, kutu imeshaharibu uso wake, na kila ukikata kona vishimo hivyo hukwangua mdomo wa sili. Badilisha tufe. Lakini kabla ya kununua, zibua kipumulio kilicho juu ya ekseli. Kikiziba, hewa yenye joto hukosa pa kutokea na kusukuma oili kwenye kila sili. Kila tufe hubeba nusu lita ya oili nzito ya gia, EP90.

SWALI: Shikamooni. Nimeweka masta silinda (pampu kuu ya breki) mpya na silinda zote za magurudumu, nimetoa hewa mara tano, lakini pedali ya breki inazama mpaka nipige mara mbili. Hewa inaingilia wapi?

JIBU: Marahaba. Huenda hakuna hewa kabisa. Breki za dramu za gari hili hazijirekebishi zenyewe. Shuu, vile vipande vinavyosukumwa kugusa dramu, zikiwa mbali nayo, pigo la kwanza huisha kuzisogeza tu, na la pili ndilo linaloshika. Inua gurudumu, zungusha kirekebishi kilicho nyuma ya bamba la breki mpaka gurudumu ligome, kisha kirudishe kidogo mpaka lizunguke likisikika kugusa kwa mbali. Kumbuka kuwa magurudumu ya mbele ya 109 yana virekebishi viwili kila moja. Wengi hugusa kimoja.

Pedali ikizama bado, kaza virekebishi vyote mpaka mwisho, ili pistoni zirudi ndani na nafasi ya hewa kujificha ipungue. Toa hewa katika hali hiyo ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ndipo uvilegeze upya. Tumia mafuta ya breki ya DOT 4 kutoka chupa ambayo haijawahi kufunguliwa, na futa papo hapo tone lolote litakaloangukia rangi, kwa sababu huibabua.