Nyambizi hujuaje mwenzake yuko kina gani? Maswali yenu na majibu

Nyambizi haina madirisha. Inajuaje nyingine iko juu yake au chini yake? (Mwanafunzi, Kadutu, Bukavu)

Kwa kusikiliza, mdogo wangu. Puani mwa nyambizi nyingi hufungwa vinasa sauti vingi, mara nyingine kwa umbo la tufe kubwa. Mlio ukitokea chini, vinasa vya chini huupata kabla ya vile vya juu, na tofauti hiyo ndogo huonyesha pembe. Lakini pembe bila umbali haikupi kina: aliye karibu, chini kidogo, na aliye mbali, chini sana, wanaweza kusikika kwa pembe ileile.

Tupige hesabu. Nyambizi ikitoa mlio wake na mwangwi ukarudi baada ya sekunde 4, sauti imekwenda na kurudi. Baharini sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, basi mwenzake yuko mita 3,000. Mwangwi ukitokea digrii 5 chini, yuko takriban mita 260 chini yake.

Si wapige mlio kila mara, basi? (Dada wa Himbi, Goma)

Hapana, dada. Ukipiga umejitangaza, na anayekusikiliza hukupata akiwa mbali kuliko mwangwi wako unavyofika. Ndiyo maana hunyamaza, na kunyamaza nako kuna hatari: Februari 2009 nyambizi mbili za nyuklia, HMS Vanguard ya Uingereza na Le Triomphant ya Ufaransa, ziligongana katika Atlantiki.

Sasa aliyenyamaza anapataje kina? (Mwanafunzi yuleyule)

Swali zuri kuliko yote. Mlio wa injini hufika mara mbili: moja kwa moja, kisha ule uliopanda ukagonga uso wa maji na kurudi chini. Wa pili umezunguka, hivyo huchelewa. Chukua msikilizaji aliye kina cha mita 100 na mlengwa aliye umbali wa mita 3,000. Mlengwa akiwa kina cha mita 100, ucheleweshaji ni kama sehemu 4 za elfu ya sekunde. Akishuka hadi kina cha mita 200, ni karibu 9. Kompyuta huona tofauti hiyo, ila umbali bado unahitajika.

Usiku mmoja pale Kituku, ufukweni mwa Ziwa Kivu, nilichovya kasia majini, nikabandika sikio kwenye mpini. Nikasikia boti ambayo taa yake haikuonekana bado. Inatoka upande gani, sikujua: sikio moja, kasia moja. Tangu siku hiyo naheshimu sana kazi ya vinasa vile.

Watu wanasema chini ya Kivu maji yana joto. Hilo linabadili kitu? (Mzee mvuvi, Goma)

Linabadili, mzee wangu. Sauti hupinda kuelekea maji ambayo ndani yake inakwenda polepole, na maji baridi huipunguza kasi. Baharini kwa kawaida joto liko juu, kwa hiyo sauti huinamia chini, na nyambizi hujificha chini ya tabaka hilo la joto. Asiyepima joto la maji kwanza atadhani sauti imenyooka, na kina alichokipata kitakuwa cha uongo. Kivu ni kinyume: kuanzia karibu mita 80 kwenda chini joto huongezeka, kwa sababu ya chemchemi za moto za sakafuni.

Sona, yaani chombo hicho cha kutafuta vitu majini kwa sauti, imewahi kutumika humu ziwani? (Mama muuza sambaza, samaki wadogo wa Kivu)

Ndiyo, mama. Watafiti wamewakadiria hao hao sambaza wako kwa sona. Na mlio unaoelekezwa chini pale penye kina kikubwa kabisa, karibu mita 480, hurudi kabla sekunde moja haijatimia.