Bili ya hosi imetushinda, nani husaidia?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mie nauza viazi karai Kisauni na mume wangu ni wa tuktuk, mwezi jana ikapinduka ikamvunja mguu akatiwa chuma, sasa daktari ashamruhusu lakini hatoki, bili ni elfu 84 na mchango wa grupu la WhatsApp umefika 19,500 tu, wengine wanatuma dua na vidole gumba. Nasikia kuna watu wa kheri hulipia maskini. Nianzie wapi?
Mama Watatu

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kabla ya hao watu wa kheri, tangu alipoandikiwa ruhusa kitanda bado kinahesabiwa? Mie nilimsindikiza jirani hosi moja hapa mjini, tukaomba bili yenye mchanganuo, ndani yake siku nne za kitanda baada ya ruhusa na glavu za kuvaa timu nzima ya mpira. Siku nne wakazitoa, glavu wakagoma.

Halafu nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hosi, watu huipita kama choo wakakimbilia kwa mheshimiwa. Hao ndio hupendekeza upunguziwe. Watakuuliza kodi ya nyumba, watoto, nani anawalisha, na hapo usijitie heshima eti tunajisukuma tu, sema siku hizi unauza karai ngapi na mafuta yanakula ngapi. Barua ya chifu ubebe. Mahakama Kuu ya Kenya ilisema tangu 2015 kumzuilia mtu wodini kwa sababu ya deni ni kinyume cha Katiba, basi litaje hilo kwa upole, ukimfokea keshia utaondoka na aibu tu.

SHA, yaani bima ya afya ya serikali, wataiulizia, ndiyo ilochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Sisi tusio na mshahara twalipa kulingana na kipato, si chini ya 300 kwa mwezi, na huitaka ya mwaka mzima kwa mpigo (kwa muuza viazi hiyo 3,600 si mchezo, najua). Kama mlilipa, hakikisha imekatwa kwenye bili kwanza, mfadhili hapendi kulipa kilichokuwa kishalipiwa.

Sasa msikitini. Kwenye zaka kuna fungu la wenye madeni, gharimina, limo ndani ya Qur'ani, kwa hivyo usiende na "naomba msaada", nenda na deni: la nani, kiasi gani, hosi gani, na ile bili yenye muhuri. Waambie walipe hosi moja kwa moja wakupe risiti, mtu akiona pesa haipiti mkononi mwako mkono wake huwa mwepesi. Anayekutaka 500 ya fomu kwanza, huyo mtapeli, mfungie namba.

Kesho fika mapema kabla foleni haijajaa, na ubebe kitambulisho cha mume, si chako peke yake, mie nilirudishwa Likoni mzima mzima kwa hilo.